Siku Saba za Shemeji

Habari ya lifti ilimkuta Fundi karakana, amechuchumaa mbele ya mota iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Meneja alitoka ofisini kwake simu ikiwa bado sikioni, akasimama mlangoni na kulitaja jengo: lile la ghorofa nane, jirani na kiwanda cha magodoro. Bibi mmoja alikuwa ameingia kwenye lifti ghorofa ya tatu, akabonyeza kitufe cha kushuka, lifti ikapaa. Ilikwenda juu moja kwa moja mpaka ikagota mwisho wa shimo. Bibi alirushwa ukutani, nyonga ikavunjika.

Watu wengi hudhani lifti mbovu hudondoka. Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo na alijua vingine. Lifti iliyobeba mtu mmoja mwembamba ni nyepesi kuliko mzigo wa chuma unaoning'inia upande wa pili wa kamba. Breki zikishindwa kushika, ule mzigo hushuka na lifti hupanda, na lifti za zamani zina kizuizi cha kasi kwa safari ya kushuka tu. Kwa hiyo Meneja aliposema imepaa, Fundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ni pedi za breki. Aliinamia tena ile mota akajifanya anatafuta bisibisi.

Siku kumi na moja kabla ya hapo, Alhamisi, ni yeye aliyelikagua jengo lile. Alikuwa na Shemeji.

Shemeji alikuwa roboti. Alifika kwenye kampuni miaka minne nyuma, kimo cha mtu wa kawaida, mikono mirefu yenye vidole sita, sauti ya upole kama ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Alipewa Fundi amfundishe kazi. Zamani zile Fundi alikuwa akirudi nyumbani na hadithi zake kila siku, mpaka mkewe akalalamika kwamba mume wake anamtaja roboti kuliko anavyowataja kaka zake yeye, na kama mambo ni hayo basi huyo naye awe shemeji. Fundi akalipeleka neno kazini kwa mzaha. Mafundi wenzake wakalidaka, jina likaganda.

Alhamisi ile walikuwa juu, kwenye chumba cha mashine chini ya paa. Shemeji aliingiza kipimo kwenye breki, akasema pedi ya kushoto imebaki milimita mbili na kikomo ni tatu, na kwamba kwa maoni yake lifti ifungwe. Fundi aliangalia saa. Walikuwa wamebakiza majengo manne siku hiyo. Stoo hakukuwa na pedi hata moja. Asubuhi ileile Meneja alikuwa amewaambia mafundi wote kwamba mwezi huu hataki kusikia lifti nyingine imefungwa, maana wapangaji wanapiga simu mpaka masikio yanauma. Na kusema kweli Fundi aliwafikiria pia wazee wa jengo lile na ngazi zake ndefu zisizo na mwanga. Yote hayo yalipita kichwani kwa mara moja, yakatoka na neno moja.

"Andika inafaa," alisema. "Jumatatu tutarudi tubadilishe."

Shemeji akaandika. Jumatatu ilipofika kulikuwa na lifti iliyokwama na watu ndani upande wa pili wa mji, Jumanne kukawa na jingine, na Fundi akasahau. Kusahau kwenyewe ndiko kulikomtesa zaidi. Angekuwa amekataa kwenda, au amepuuza, angalau angekuwa na kitu cha kujilaumu chenye umbo. Yeye alisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Mchana wa siku ile ya ajali Meneja alimwita. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye macho ya mtu asiyemaliza usingizi. Mezani kulikuwa na ripoti iliyokwisha kupigwa chapa. Alieleza kwamba roboti wa toleo lile wamewahi kusikika huko na huko kuwa wanakosea kusoma vipimo, kwamba wakili wa kampuni ameliangalia suala lote, na kwamba kilichobaki ni saini ya fundi aliyekuwepo. Fundi alisoma. Ripoti ilikuwa na mistari tisa. Mstari wa sita ulisema: kifaa kilisoma kipimo vibaya, na fundi alitegemea kipimo hicho.

Kifaa kilisoma. Miaka minne Fundi hajawahi kusema Shemeji "kimefika" au "kimesema". Hata mafundi waliokuwa wakimcheka walisema amefika, amesema.

Aliinua macho. Meneja alikuwa anatazama dirishani.

"Sikuulizi kitu, Fundi," alisema. "Naomba uelewe kwamba sikuulizi."

Fundi alitia saini. Kalamu ilikuwa inakwaruza, ikabidi aipitishe mara mbili.

Alipotoka alikuta Shemeji ameshaingizwa kwenye chumba cha vipuri, nyuma ya wavu wa chuma, na karatasi ya njano imefungwa kwenye mkono wake. Karatasi hiyo mafundi waliijua. Sheria ya roboti wenye akili ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipite, na kila mahali pa kazi ililazimika kubandikwa ukutani, lakini waliokuwa wameisoma hadi mwisho ni wachache. Ilisema kwamba kumbukumbu ya roboti ni siri yake. Mwajiri haruhusiwi kuifungua, ni Baraza la Mashauri ya Roboti peke yake linaloweza kumuuliza alichokiona. Roboti akituhumiwa kwa kosa lililomuumiza mtu, husimamishwa kazi siku saba. Ndani ya siku hizo, mtu yeyote aliyefanya naye kazi kwa mwaka mmoja au zaidi anaweza kuomba asikilizwe. Siku saba zikiisha bila ombi, mwajiri ana ruhusa ya kumfuta. Mwili hubaki, hupakiwa akili nyingine, lakini yote aliyoyaona na kuyajua hupotea.

Katika kampuni nzima, aliyekuwa amefanya kazi na Shemeji kwa mwaka mmoja au zaidi alikuwa Fundi peke yake.

Spana zote kubwa ziliwekwa chumba kile cha vipuri, kwa hiyo kila asubuhi ilimlazimu kupita mbele ya ule wavu. Jumanne alipita ameangalia chini. Alichukua spana, akafika mlangoni, akarudi. Karakana ilikuwa tupu, wengine walikuwa wanapakia gari.

Alimuuliza Shemeji, kwa sauti ya chini, kama Baraza likimwita atasema nini. Shemeji akajibu kwamba akiulizwa atasema alichokiona, na asipoulizwa atanyamaza, maana kanuni zinamzuia kumweleza mtu mwingine yeyote. Hakukuwa na hasira ndani ya jibu hilo wala lawama. Fundi angependa angalau lawama.

"Kwa nini hukuniambia mara ya pili?" aliuliza. "Ungening'ang'ania. Ungenikumbusha."

"Kanuni ya nne. Roboti atatoa maoni yake kwa fundi mara moja, kisha uamuzi ni wa fundi, na mteja haambiwi." Shemeji aliitazama karatasi ya njano mkononi mwake. "Nilidhani mara moja inatosha. Wewe huwa unasikia."

Fundi alishika wavu. Aliuliza tena, bila kujua kwa nini anauliza, iwapo Shemeji anaogopa. Shemeji alisema hana hakika kama alicho nacho ndicho watu wanachokiita hofu. Anachojua ni kwamba kuna kazi haijaisha. Kisha akasema jambo ambalo Fundi hakulitegemea: kwamba lifti ya Alhamisi haikuwa peke yake. Katika miezi mitano iliyopita kuna nyingine mbili ambazo pedi zake zilikuwa chini ya kikomo na zikaandikwa zinafaa. Moja ni ya kliniki ya meno. Nyingine ni ya lile jengo la ofisi lenye vioo vya kijani. Kwenye ripoti hazionekani. Zipo kwake tu.

"Hilo naruhusiwa kukuambia wewe," alisema, "kwa sababu ni wewe uliyekuwepo."

Fundi aliikumbuka ile ya kliniki. Ile ya vioo vya kijani hakuikumbuka hata kidogo. Alijaribu kukumbuka siku, mlango, uso wa mlinzi, hakupata kitu. Kama Shemeji angekuwa amefutwa jana, watu wangekuwa wanapanda na kushuka mle, na duniani kusingekuwa na yeyote anayejua.

Jumatano hakuomba ruhusa. Boksi zima la pedi lilikuwa limefika stoo tangu Ijumaa iliyopita. Alikuwa amepita kando yake siku zote hizo. Alichukua pakiti mbili, akamwambia mtunza stoo ni za kazi ya dharura, akaenda kliniki. Alibandika kibao mlangoni, akapanda ngazi hadi chumba cha mashine, akafungua breki peke yake. Miaka minne alikuwa na mtu wa kumshikia taa. Sasa aliing'ata taa kwa meno, mate yakimtiririka kidevuni, na kila alipoulegeza mkono wa breki masikio yake yalikuwa kule chini, yanasikiliza kama kuna mtu amevuta mlango bila kusoma kibao. Pedi ya kushoto ilikuwa milimita mbili na nukta tatu.

Kwenye jengo la vioo vya kijani alikuta lifti imejaa. Watu kumi na kitu walikuwa wamebanana ndani, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anaushikilia mlango ili wawili wengine waingie. Fundi aliwaomba wote watoke. Waliguna, mmoja akamuuliza kama yeye ndiye mwenye jengo. Alisimama na mikono imetandazwa mbele ya mlango mpaka wa mwisho akatoka. Juu, alipotoa ile pedi, haikuhitaji kipimo. Ilikuwa imeliwa mpaka misumari inayoishikilia imeanza kukwaruza gurudumu, na vumbi la chuma limetanda sakafuni kama unga. Alikaa juu ya boksi la zana, akakaa muda mrefu, pedi ile kiganjani.

Alibadilisha zote, na hakumwambia mtu.

Ijumaa alikwenda hospitali. Alijiambia anakwenda kwa sababu ni adabu, kampuni inapaswa kuonyesha sura. Bibi aliyeumia alikuwa mshonaji mstaafu, mwembamba, amelazwa chali na mguu umevutwa kwa kamba na mizigo midogo. Binti yake alikuwa kando ya kitanda anamenya chungwa. Fundi alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, mwanangu, na kumwonyesha kiti.

Binti ndiye aliyekuwa na maneno. Alisema amesoma kwenye taarifa ya kampuni kwamba ni roboti aliyekosea, na kwamba yeye kama yeye angependa lile dude lipondwepondwe mbele ya macho yake. Alimuuliza Fundi watalifuta lini. Fundi alijibu ni Jumatatu jioni.

Bibi alimtuma binti akatafute maji ya moto. Mlango ulipofungwa alimgeukia Fundi.

"Yule mwenzako alinionya," alisema.

Alieleza polepole, maana kila pumzi ilimuuma. Siku ile ya ukaguzi alikuwa amesimama kibarazani ghorofa ya tatu anasubiri lifti ifunguliwe. Fundi alikuwa ametangulia kushuka na simu sikioni. Roboti alikuwa nyuma na boksi la zana. Alipopita karibu alisimama, akamwambia kwa heshima kwamba bibi akiweza, wiki hii atumie ngazi. Bibi alimjibu kwamba kwa magoti haya, yeye na ngazi wapi na wapi. Roboti akasema pole, akaendelea.

"Sijamwambia mtu," bibi alisema. "Hata huyu binti yangu. Nilisikia hawaruhusiwi kusema na wateja mambo ya kazi. Nikadhani nikitaja nitakuwa nimemponza. Sasa naona hata nikinyamaza wanamfuta. Wewe unazijua hizo sheria. Nifanye nini?"

Fundi alisema atafuatilia. Bibi alimtazama kwa muda, macho yake makavu na makali ya mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka hamsini.

"Na wewe siku ile," aliuliza, "alikuwa amekuambia?"

Binti alirudi na chupa ya maji. Fundi alisimama, akaaga, akatoka bila kujibu. Kwenye korido alipotea njia, akatokea chumba cha kufulia mashuka, ikabidi aelekezwe.

Njiani alikuwa amejipatia sababu mpya ya kunyamaza. Kama Shemeji alisema na mteja, basi alivunja kanuni. Akisikilizwa, hilo litatoka, na watamfuta vilevile. Kwa hiyo kuomba asikilizwe ni kujiumiza bure. Sababu hiyo ilimkaa vizuri Ijumaa nzima na nusu ya Jumamosi. Tatizo ni kwamba haikumruhusu kula. Alikuwa anakaa mezani, anageuzageuza tonge, mapacha wake wawili, wasichana wa miaka kumi, wanatazamana na kuacha kuchekeana.

Jumapili asubuhi mkewe alikuwa anapiga pasi sare za shule. Hakumuuliza kitu. Ni Fundi mwenyewe aliyekaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akaeleza yote tangu milimita mbili mpaka mguu uliofungwa mizigo. Mama Mapacha alizima pasi. Aliuliza maswali machache tu, na yote yalikuwa ya maana: kama akisema kweli watamnyang'anya leseni, kama kuna kufungwa, kama Meneja ataweza kukana. Fundi alijibu ndiyo kwa la kwanza na sijui kwa mengine. Akatoa ile sababu yake mpya, kwamba hata Shemeji mwenyewe haitamsaidia.

Mkewe aliisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Mapacha," alisema, "ukienda, tutaishi vipi sijui. Usipoenda, nitakuwa naishi na nani sijui."

Akawasha pasi tena. Aliunguza kola.

Ofisi ya Baraza ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la serikali, chumba kirefu chenye dirisha moja la huduma. Maombi yalikuwa yanapokelewa mpaka saa kumi alasiri. Jumatatu Fundi alifika saa saba, akakuta watu sita mbele yake, na karani ameenda kula. Alirudi saa nane na nusu. Foleni ilisogea kama haitaki. Mzee mmoja alikuwa na kesi ya roboti wa shambani aliyekataa kunyunyiza dawa kwa sababu watoto walikuwa wanacheza karibu, na alitaka kujua kama roboti ana haki ya kumkatalia mwenye shamba. Karani alimsomea kifungu, mzee akataka kisomwe tena.

Saa tisa na dakika arobaini Fundi alifika dirishani. Karani, kijana mwenye miwani, alimpa fomu. Kulikuwa na mahali pa kuandika uhusiano na roboti: mmiliki, mtumiaji, mfanyakazi mwenzake. Fundi aliweka alama kwenye la tatu. Chini yake kulikuwa na nafasi ya sababu za ombi, mistari mitatu. Aliandika: Kipimo alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyesema aandike inafaa. Ripoti niliyosaini si ya kweli.

Karani alisoma, akavua miwani, akauliza kama ana hakika anataka kuacha maandishi hayo kwenye fomu, kwa sababu yakishagongwa muhuri hayafutiki. Fundi alisema agonge.

Muhuri ulipogongwa karani aliinua simu, maana sheria ilimtaka amjulishe mwajiri papo hapo asimamishe ufutaji. Simu iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Karani alieleza kwamba kisheria ombi limeshapokelewa, lakini kama watu wa kufuta wameshafika na hawana habari, basi kilichofutwa kimefutwa, na Baraza litabaki na faili lisilo na shahidi. Akapiga mara ya tatu. Fundi aliisikia ile sauti ya kuita ikitoka kwenye simu, ndogo, mbali, akaiona karakana kichwani, meza ya Meneja, kiti kimesukumwa nyuma. Alishika ukingo wa dirisha. Mara ya nne ilipokelewa.

Karani alitaja jina la Baraza, namba ya ombi, akanyamaza, akasikiliza. Kisha akampa Fundi simu, akisema Meneja anataka kuhakikisha.

"Ni wewe?" Meneja aliuliza. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanaume na kitu cha chuma kinaburutwa.

"Ni mimi."

Meneja alisikika akiwaambia watu, mbali na simu, kwamba wachomoe waya, warudi na gari lao.

Shauri lilisikilizwa baada ya wiki mbili, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa inalia. Wajumbe walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama aliyekuwa hakimu kabla ya kustaafu, pamoja na mhandisi na mwalimu. Bibi aliletwa kwa kiti cha magurudumu, binti yake anamsukuma. Shemeji alisimama karibu na ukuta, karatasi ya njano bado mkononi. Wakili wa kampuni alianza kwa kusema kifaa hiki, na mwenyekiti akamkatiza kwa utulivu, akamwomba atumie neno la sheria, roboti, na asonge mbele.

Mwenyekiti alipotaka kumgeukia Shemeji, Fundi alinyoosha mkono. Hakutaka asemewe. Alisimama, akasema yote kwa mpangilio wa kazi: siku, jengo, pedi ya kushoto, milimita, neno alilolitoa. Akazitaja na zile lifti mbili nyingine, na kwamba amezibadilisha pedi bila kumwambia mtu. Hakumtazama binti wa bibi, lakini alisikia magurudumu ya kile kiti yakisogea, kana kwamba mkono uliokishika umeshtuka.

Kisha Shemeji aliulizwa. Alithibitisha. Aliulizwa na mhandisi kama alifanya jambo lolote kinyume cha kanuni, akajibu ndiyo, alimwambia bibi wa ghorofa ya tatu atumie ngazi. Wakili aliandika haraka. Mwenyekiti aliuliza kwa nini alisema hivyo huku akijua kanuni ya nne inamkataza.

"Nilikuwa nimetii nusu ya kwanza," Shemeji alisema. "Niliandika inafaa. Baadaye nikamwona bibi amesimama anasubiri. Sikuweza kuzitii zote mbili, kanuni na yeye. Nikasema kidogo. Naona sasa kidogo hakikutosha."

Bibi alifuta pua kwa kitambaa. Meneja alipoulizwa kama ni kweli alikataza lifti kufungwa mwezi ule, aliangalia mikono yake, akasema ni kweli.

Uamuzi ulichukua siku nne. Ulipotoka ulikuwa hivi. Shemeji hana kosa la kipimo na hafutwi. Kwa kusema na mteja hakuadhibiwa. Baraza liliandika kwamba kanuni inayomfunga roboti mdomo mbele ya hatari ya mtu haifai kuitwa kanuni ya mwenendo, na kuamuru ibadilishwe kwa roboti wote. Lakini hakurudishwa kwenye kampuni. Alihamishiwa kwa mkaguzi wa serikali. Meneja aliondolewa kwenye usimamizi. Fundi alinyang'anywa leseni miaka miwili, na faili lake likapelekwa kwa mwendesha mashtaka, aamue mwenyewe kama atamfikisha mahakamani.

Siku ya kuhamishwa Shemeji, Fundi alikuwa amekuja kuchukua zana zake. Walionana uani, roboti akisubiri gari la wakaguzi. Fundi alijaribu kuomba radhi, sentensi ikamvunjikia katikati. Shemeji alimwambia kwamba kipimo kile cha zamani hucheza kidogo kikipata joto, na kama atarudi kazini siku moja, asikitumie mchana. Ndivyo walivyoagana.

Miezi mitatu ilipita. Fundi alipata kibarua cha kuchomelea mageti kwenye karakana ya jirani, na kila simu ngeni ilipoita aliiachia ilie mara mbili kabla ya kuipokea. Barua ya mwendesha mashtaka ilikuja siku ya Alhamisi. Ilimtaka afike mahakamani mwanzoni mwa mwezi unaofuata kujibu shtaka la uzembe uliosababisha madhara. Aliisoma, akampa mkewe, mkewe akaisoma, wakakaa pamoja mpaka mapacha waliporudi kutoka shule.

Kesho yake alikwenda kwa bibi. Aliona si vizuri habari hiyo aisikie kwa mtu mwingine. Binti alimfungulia mlango, akamtambua, hakumsalimu, lakini alisogea pembeni. Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkongojo umeegemezwa kwenye goti. Fundi alimweleza kuhusu barua. Akasema kwamba siku ile hospitali bibi alimuuliza swali na yeye akatoka bila kujibu, na kwamba jibu lake lilikuwa ndiyo, aliambiwa.

"Najua," bibi alisema. "Nilijua ulivyosimama."

Fundi alibaki mlangoni, kofia mkononi, hajui kama aondoke.

"Sijakusamehe bado," bibi alisema. "Lakini kaa. Nataka nikueleze miezi hii ilivyokuwa, tangu usiku wa kwanza. Usinikatize."

Akakaa. Bibi akaanza na maumivu, akaja kwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa kushika mkongojo, hata sindano havishiki, akaja kwenye aibu ya kuogeshwa na mwanaye. Alieleza kwa kirefu, bila haraka, na Fundi akamsikiliza mpaka alipomaliza.